Mikono Kiunoni Mbele ya Meza

Katika mafunzo yote ya waamuzi wapya wa mpira wa kikapu, somo ninalolipenda kuliko mengine ni lile la mwendo. Simaanishi kutembea na mpira, kosa ambalo hata mtoto wa shule analijua. Namaanisha mwendo wa mwamuzi mwenyewe baada ya kupuliza filimbi kwa ajili ya faulo. Anayepuliza ndiye anayekwenda. Huwezi kupuliza kisha ukamtuma mwenzako. Unaondoka pale kosa lilipotendeka, unasimama mahali ambapo watu wa meza, wanaoandika pointi na makosa, wanakuona bila kizuizi, unawatazama usoni, unaonyesha kwa vidole nambari ya mchezaji, halafu unaonyesha kwa mwili wako kosa lenyewe. Ikiwa alisukuma, unasukuma hewa. Ikiwa alipiga mkono wa mwenzake, unajipiga kifundo cha mkono. Ikiwa alimzibia mwenzake njia kwa mwili, unashika kiuno kwa mikono yote miwili. Mpira ukitoka nje, au mchezaji akitembea nao, meza haihitaji taarifa. Unaelekeza upande na mchezo unaendelea. Lakini faulo ni ushahidi, na shahidi hutazamwa.

Huwaambia wanafunzi wangu kwamba mwamuzi hujulikana katika mwendo huo mfupi. Asiye na uhakika hukokota miguu. Anayeficha jambo hutembea upesi mno. Nilianza kazi hii nikiwa mwalimu wa michezo katika shule za sekondari za Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na imenipa tabia ambayo wanangu hawaipendi nyumbani: sipokei habari yoyote kabla sijaangalia miguu ya mtu aliyeileta.

Kundi ninalolikumbuka hapa nililifundisha kwenye uwanja wa saruji upande wa Oli, mjini Arua, ambako wanawake wa chapati huweka majiko yao karibu na mstari wa pembeni na hutoa maoni bila kuombwa. Mwanafunzi bora wa kundi hilo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Aroi, mwanamume mrefu, mkimya, aliyekuwa akitoa taarifa ya faulo kana kwamba alizaliwa mbele ya meza. Aliposhika kiuno kuonyesha kosa la kuziba njia, alikishika kwelikweli, viwiko vikiwa nje na kifua mbele, mpaka mmoja wa wanawake wale akapiga kelele:

“Muone huyu! Kama mama anangoja mtoto amechelewa na maji!”

“Sasa huyo mtoto atapigwa!” akajibu mwenzake.

Mwalimu wa Aroi alicheka, akarudia ishara ile kwa ajili yao. Nilipenda jinsi asivyoona haya.

Ulikuwa umebaki mtihani wa vitendo tu, nao ungefanyika Koboko. Atakayefaulu angepewa beji na kupangiwa mechi za kanda. Atakayeshindwa angesubiri mafunzo mengine, na hakuna aliyejua yangekuja lini. Katika kundi zima, hakuna aliyeitaka beji ile kama mwalimu wa Aroi. Alicheza mpira huu mpaka goti lake likakataa, na siku moja aliniambia, akiwa anafunga kamba za viatu na hanitazami, kwamba filimbi ndiyo mlango pekee uliombakia wa kurudi uwanjani. Nilimwamini. Nilitaka afaulu, na ninapotaka mtu afaulu humchunguza zaidi ya wengine.

Koboko tulipangiwa, katika uwanja wa shule moja, mechi mbili za kirafiki kati ya timu za pale na timu za Arua: wanaume asubuhi, wanawake alasiri. Waamuzi wangekuwa wanafunzi wangu, wawili wawili. Nilimpanga mwalimu wa Aroi katika mechi zote mbili kwa sababu nilitaka wengine wamtazame. Mwenzake alikuwa muuguzi kutoka Omugo, mwanamke mfupi mwenye mapafu ya tarumbeta.

Kabla ya mechi ya kwanza nilikwenda kutafuta choo nyuma ya madarasa, na huko nikamwona. Alikuwa amesimama na kocha wa Koboko, yule yule aliyefundisha timu zao zote mbili, wakiwa wameinamiana kama watu wanaowasha moto kwenye upepo. Mwanafunzi wangu alikuwa ameshika kavera nyeusi, mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Akampa kocha. Kocha akaipima uzito kwa mkono, akacheka, akampiga begani, akaifunga kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki yake. Hawakuniona.

Niliwahi kuona waamuzi wakipokea vitu kutoka kwa makocha. Sikuwahi kuona mwamuzi akimpa kocha kitu. Jambo nisilolijua hunisumbua kuliko ovu ninalolijua, kwa hiyo nilirudi uwanjani nikiwa nimekwisha kubadilika.

Mechi ilianza vizuri kwa muda mfupi sana. Mwalimu wa Aroi alielekeza mpira uliotoka nje, akamkamata mchezaji aliyetembea, mkono ukiwa imara na sauti ikiwa safi. Kisha mfungaji wa Arua aliruka chini ya kikapu, na mlinzi wa Koboko akampiga mkononi, kofi ambalo nililisikia mimi niliyekuwa mbali. Mwanafunzi wangu alikuwa karibu nao kuliko mtu yeyote. Nikaona ngumi yake, ishara ya faulo, ikianza kupanda, kama nilivyomfundisha. Ikafika usawa wa sikio. Halafu ikashuka, akajikuna shingo, na filimbi ikamdondoka mdomoni ikabaki inaning'inia kwenye kamba yake.

Asiyeona husamehewa. Huyu aliona.

Tangu hapo nilimtazama yeye peke yake. Hakupuliza faulo. Alisukumwa mtu mbele yake akageuza uso; walishikana jezi akawa kama mtu anayehesabu mawingu. Zaidi ya hayo, kila mara alipopata nafasi alijivuta kwenye upande wa mbali na meza. Muuguzi wa Omugo alikuwa akikimbia huku na huku, anapuliza, anakwenda mezani, anarudi, jasho likimtoka. Walipopumzika alinijia akitweta.

“Madam, mimi peke yangu napuliza. Yule mwenzangu iko kama trafiki wa jioni, anaangalia tu magari inapita.”

“Umemuuliza?”

“Nimemuuliza. Anasema nisichoke.”

Sasa nikaanza kuona mengine. Mezani, kalamu ilikuwa mikononi mwa mwanamke wa makamo yangu, mwalimu wa shule ile, aliyependekezwa na wenyeji kwa sababu ya mwandiko wake. Muuguzi alipotoa taarifa, mwanamke huyo aliinua uso, akamtazama, akaandika. Lakini kila mwalimu wa Aroi alipopita karibu, alivuta kitenge chake kikafunika kichwa na nusu ya shavu, akainamia karatasi, na alikuwa amekigeuza kiti chake upande kiasi kwamba bega ndilo lililokuwa likiutazama uwanja. Jua halikuwa kali. Karani wa meza asiyetaka kumwona mwamuzi, mwamuzi asiyetaka kupita mbele ya meza, na kocha mwenye kavera: nilijiambia kwamba nimewakuta watatu katika shauri moja, na kwamba lililobaki ni kujua ni shauri gani.

Koboko walishinda. Kocha wa Arua, mwanamume niliyemfundisha uamuzi mimi mwenyewe kabla hajaingia katika ukocha, alipita mbele yangu bila kusema neno. Lilikuwa jambo zito, maana si mtu wa kunyamaza.

Nilimwita mwanafunzi wangu kando.

“Lile kofi chini ya kikapu, uliliona?”

“Sikuona vizuri, madam.”

“Ngumi yako ililiona.”

Akatazama chini. “Madam, nipe ile mechi ya mchana. Nitajaribu.”

“Kujaribu nini? Kuona?”

Nilimwambia kwamba mimi siwezi kumpa beji mtu anayechagua la kuona, na kwamba ilivyo sasa atarudi Aroi mikono mitupu. Uso wake ulibadilika, lakini hakujitetea, na kule kutojitetea kulinithibitishia kila kitu. Asiye na hatia, nilifikiri, angepiga kelele.

Nikaenda moja kwa moja kwenye pikipiki. Kocha wa Koboko alikuwa ameegemea tangi akila muwa. Alikuwa mtoto wa mwanajeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kila sentensi kama amri.

“Madam, unatafuta nini kwa pikipiki yangu?”

“Natafuta ulichopewa na mwamuzi wangu.”

Alitema maganda, akacheka kicheko kirefu kilichoniudhi. “Kumbe wewe ndiyo polisi! Kuja. Kuja uone bunduki.” Akafungua fundo. Ndani mlikuwa na sukari, mche wa sabuni na kitenge kipya kilichokunjwa vizuri. “Hii si yangu. Hii iko ya mama.”

“Mama gani?”

Akaelekeza kwa midomo, kuelekea mezani. “Mama ya kalamu. Mama ya yule msichana refa yako anataka kuoa. Maneno bado inaendelea, bado hajaleta ng'ombe, lakini heshima inaanza mapema. Yeye hawezi kumpa kwa mkono. Mimi ndiyo napeleka maneno, mimi napeleka sukari. Sasa wewe, madam, mke ya watu, hujui hii?”

Nilijua. Mume wangu, msomi mwenye shahada, katika miezi ile aliyokuwa akinichumbia kila alipomwona mama yangu anakuja njiani aliingia katika shamba la muhogo la mtu yeyote, na suruali yake ya pasi, akasimama humo mpaka mama apite. Mama naye alikuwa akivuta nguo kichwani na kuharakisha, ili asimchomeshe jua yule mtoto wa watu. Hawakutazamana uso kwa uso mpaka mahari ilipokwisha pokelewa, na hata baadaye hawakula katika chumba kimoja. Hakuna aliyewafundisha. Wengi siku hizi wamelegeza, lakini wakati wa posa hata aliyelegea hujikaza, maana kila mtu anatazama.

Na mimi nilikuwa nimemtaka mtu aliye katika posa asimame mbele ya mama wa mchumba wake, amtazame machoni, amwonyeshee vidole, kisha ashike kiuno.

Bado sikuridhika. Nilikwenda kwa yule mwanamke, nikamkuta amebaki peke yake mezani. Nikamwuliza kwa adabu kama ni kweli. Aliteremsha kitenge mabegani na kunitazama kwa macho ambayo hayakuwa na urafiki wowote.

“Mwalimu, na mimi nilitaka kukuuliza. Ni wewe ulimpanga makusudi?”

“Kumpanga?”

“Kumleta mbele yangu na filimbi. Nilisema moyoni, hawa watu wa Arua wametuma mtu kunijaribu. Wanataka kuona kama nitamtazama, ndiyo waseme mama wa Koboko hana haya, anamvizia mkwe kabla ng'ombe hajafika.”

Basi nami nilikuwa nimeshukiwa asubuhi nzima, na mtu niliyekuwa nikimshuku. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

“Niseme nini? ‘Yule ni mkwe wangu’? Nani ameniambia atakuwa mkwe wangu? Yeye hajasema, kocha ndiye anasema.”

Nilipomrudia mwanafunzi wangu alikuwa ameketi juu ya tofali akifuta filimbi yake kwa pindo la shati. Nilimwambia kwamba najua.

“Nikishika kiuno mbele yake, madam,” alisema polepole, “nyumbani kwao nitaingia na uso gani? Na nikikuambia wewe mbele ya watu kwamba yule ni mama mkwe, nimejiozesha mwenyewe kabla hawajanipa binti.”

“Sawa. Na kocha? Umeamua mechi ya mshenga wako.”

Hapo aliacha kuifuta filimbi. “Hiyo sikufikiri.”

Sikumwamini. Au niseme vizuri zaidi: niliamini habari ya mama, kwa sababu nimeishi ndani ya jambo hilo, lakini habari ile ilikuwa imekaa vizuri mno mahali pake. Heshima ilieleza kila filimbi iliyonyamaza. Lakini je, si upendeleo nao ungeyaeleza yale yale? Kofi lile alipigwa mtu wa Arua. Faulo alizoziacha za Koboko ndizo nilizoziona mimi; za Arua sikuwa nazitafuta. Mtu mwenye sababu nzuri ya kunyamaza anaweza kuwa pia na sababu mbaya, na ile nzuri ikawa kitenge cha kufunika ile mbaya.

Utaratibu ungenitaka nimwondoe. Lakini mechi ilikuwa ya kirafiki, na kulikuwa na njia moja tu ya kujua. Nilimwomba yule mwanamke anipe kalamu, naye akaitoa upesi kama mtu anayeondolewa mzigo. Akachukua kiti chake, akazunguka uwanja, akaenda kukaa upande wa pili kati ya wanawake wenziwe. Mwanafunzi wangu aliona kiti kimehama.

“Meza iko na nani, madam?”

“Iko na mimi. Sasa huna mtu wa kumheshimu hapa. Mimi unanijua, na mimi nitakutazama miguu.”

Alasiri hiyo alipuliza. Alipuliza faulo ya kwanza kabla wasichana hawajapata joto, akaja mbele yangu, akaonyesha nambari, akajipiga kifundo. Alipuliza kwa Koboko na kwa Arua. Muuguzi wa Omugo alinikonyeza alipopita, kana kwamba amepata mume wa kusaidiana kazi. Nami niliandika huku nikihesabu kimoyomoyo ni timu ipi inayoumizwa zaidi na filimbi yake, na sikupata jibu, na kukosa jibu nako hakukunituliza. Mwamuzi anayejua kwamba anapimwa anaweza kuwa mwadilifu mpaka jua lizame.

Mchezo ulifika mwishoni Arua wakiwa mbele kwa kikapu kimoja. Uwanja wote ulikuwa umesimama. Msichana wa Arua alikata kuelekea kikapuni, na nahodha wa Koboko, mchezaji waliyempenda kuliko wote, akateleza upande akamzibia njia kwa nyonga, akiwa amechelewa kwa nusu ya pumzi. Wakaanguka wote wawili. Lilikuwa kosa ambalo mwamuzi yeyote ugenini angeweza kuliacha, akasema wamegongana tu, na mimi nisingekuwa na ushahidi wa kumpinga.

Ngumi ilipanda. Safari hii haikusimama sikioni.

Akaja mezani. Hakukokota, hakukimbia. Akasimama, akanitazama, akanionyesha nambari ya nahodha, halafu akashika kiuno kwa mikono yote miwili, viwiko nje na kifua mbele, kama kule Oli. Nyuma yake Koboko nzima ilikuwa ikipiga kelele.

“Huyu amelishwa Arua!”

“Refa, wamekununua na nini? Muhogo?”

“Rudi kwenu Aroi!”

Kocha wao alitupa kofia yake chini. Mitupo huru ya Arua ikaingia, mchezo ukaisha, na kabla sijaweka kalamu alikuwa ameinama juu ya meza yangu, hacheki tena.

“Madam, mwambie kijana yako. Kesho nani atapeleka maneno yake? Si mimi. Na sukari yake abebe mwenyewe.”

Ndipo nikatazama ng'ambo ya uwanja. Wanawake waliomzunguka yule mama wa kalamu walikuwa wamesimama wakitukana kwa mikono, na yeye peke yake alikuwa ameketi. Kitenge kilikuwa mabegani, kichwa wazi. Mwanafunzi wangu alikuwa bado amempa mgongo, na mgongo haukatazwi kutazamwa. Aliutazama kwa muda mrefu, kwa uso wa mtu anayepima kitambaa sokoni. Yule mwanamume alipogeuka, kitenge kilikuwa kimekwisha rudi kichwani.

Nilimpa beji. Nilimpa pamoja na sharti kwamba asiamue tena mechi yoyote ya Koboko, na kwamba mtu yeyote asiyeweza kusimama mbele ya meza aniambie kabla ya mechi, hata kama ni kwa kumtuma mwingine. Alikubali yote. Baadaye nilisikia kwamba mshenga alibadilishwa na posa ikaendelea, na kwamba aliyetaka hivyo ni mama mwenyewe. Sikuulizia zaidi. Kwa nini alitaka, na kama aliupenda mgongo ule au alimchoka tu yule kocha, sijui.

Sasa kila ninapoanza na kundi jipya, kabla ya kugawa filimbi, huwauliza: katika mji tunaokwenda, ni nani ambaye huwezi kusimama mbele yake? Hucheka. Kisha mmoja huacha kucheka, akaja kuniona pembeni.

Lakini mechi ya asubuhi ilibaki kama ilivyokwisha, na Koboko bado ndio walioshinda. Kocha wa Arua hunikuta mara kwa mara sokoni, na hajasahau.

“Madam, ile asubuhi ya Koboko. Refa wako alikuwa na nini?”

Ningeweza kumweleza. Yeye ni mtu wa hapa, ana mkwe wake anayemkimbia. Lakini nikimweleza habari ya mama, lazima nieleze pia kwamba aliyepeleka maneno alikuwa kocha wa upande wa pili, kwamba kulikuwa na kavera, kwamba niliijua na nikampa mtu yule beji siku hiyo hiyo. Ukweli huo, ukisemwa hadharani, unafanana mno na uongo, na jina la mwanamke aliyenikabidhi kalamu yake lingezunguka soko zima kabla ya magharibi.

“Alikuwa bado mwanafunzi,” hujibu.

“Eeh. Mwanafunzi.”

Naye, kwa kuwa nilimfundisha mimi, hanitazami usoni. Ninapochukua kikapu changu kuondoka, huinamisha kichwa kidogo, akaangalia miguu yangu.